Kulipia Kifo Mara Tatu

Wiki ya kwanza ya kustaafu nililala. Wiki ya pili nilipanga makabati. Wiki ya tatu ikaja barua ya pensheni. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikavuta kiti nikaisoma tena, maana nilidhani labda kuna ukurasa wa pili. Hapakuwa na ukurasa wa pili.

Nilikuwa nimefanya kazi katika nyumba ya wazee kusini mwa Stockholm kwa karibu miaka thelathini. Nimewageuza watu vitandani, nimewakata kucha, nimewashika mikono wakikata roho huku watoto wao wakiwa njiani. Nilijua pensheni ya mtu wa kazi kama yangu si pensheni ya waziri. Lakini kusikia si kama kuona.

Mume wangu, ambaye aliendesha mabasi ya jiji hadi alipostaafu miaka minne kabla yangu, alikuwa sebuleni akisikiliza habari za Kenya kwenye simu, kwa sauti ya kuwafaidisha na majirani.

"Baba, njoo uone hii barua."

"Nilishaona ya kwangu," akajibu bila kunyanyuka. "Nyumba moja inatoshwa na huzuni moja."

Jumamosi ile alikuja binti yetu. Ni mtoto wetu wa pekee, amezaliwa hapa, ana watoto wawili, na hunijibu Kiswidi hata nikimsemesha Kiswahili cha hasira. Alifungua kompyuta yake kwenye meza ya jikoni, akasogeza bakuli la mandazi kando, akatangaza kwamba mimi na baba yake tunahitaji kurahisisha maisha. Kila kinachoingia na kila kinachotoka kitaandikwa kwenye ukurasa mmoja. Tukishaona ukurasa, tutaamua cha kukata.

Mpaka leo sijakutana na mtu aliyenirahisishia maisha bila kuniongezea kazi.

Tulianza na bima ya gari, kwa sababu gari lenyewe tulikuwa tumeliuza miaka miwili nyuma. Nikapiga simu kampuni ya bima. Sauti ya mashine ikaniambia kuna watu wengi mbele yangu, ikanipigia kinanda. Nilimenya viazi vyote vya chakula cha mchana kinanda kikilia. Alipopatikana binadamu, aliniambia kwa upole mwingi kwamba bima iko kwa jina la mume wangu, hivyo ni yeye tu anayeweza kuifuta, na lazima ajithibitishe kwa simu yake, kupitia programu ya benki.

Nikampelekea simu. Simu ikataka namba ya siri.

"Namba ya siri iko kwenye Biblia," akasema.

Ndani ya Biblia, kati ya Zaburi na Mithali, mlikuwa na vikaratasi vitano vyenye namba. Alijaribu cha kwanza. Alijaribu cha pili. Nikamwambia asijaribu cha tatu kwanza, tufikiri. Akajaribu cha tatu. Programu ikajifunga. Kuifungua ilibidi aende benki mwenyewe na kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kimekwisha muda. Kupata kipya ilibidi kuweka miadi, na miadi ya karibu ilikuwa wiki tatu mbele.

"Miaka miwili," nikamwambia, "unalipia bima ya gari la mtu mwingine."

"Basi huyo mtu aendeshe bila wasiwasi."

Binti yetu akaandika kwenye ukurasa wake: bima, baadaye. Mpaka jioni inaingia, "baadaye" ndilo lilikuwa neno lililojaa kuliko yote katika ukurasa wetu wa kurahisisha maisha.

Ndipo akafika kwenye mazishi.

"Mama, hiki ni nini? Unalipa chama cha mazishi cha kanisani, na mnalipa kingine cha watu wa kwao Baba. Na hii hapa," akagonga kwa ukucha karatasi yangu ya kodi, "ni ada ya mazishi ya serikali. Kila anayeishi hapa huilipa pamoja na kodi. Mtu akifa anapewa kaburi na kuchimbiwa, bila kulipa tena."

Nilichukua miwani. Karatasi ile nimekuwa nikiipokea kila mwaka tangu nianze kazi, na kila mwaka nimekuwa nikitazama mstari wa mwisho tu, ule unaosema kama nitarudishiwa au nitadaiwa. Mstari wa mazishi ulikuwepo juu yake, mfupi, hauna makuu.

"Unapanga kufa mara ngapi?" akauliza binti yangu.

Kutoka sebuleni baba yake alicheka. Mimi sikucheka.

Chama cha kanisani nilikiacha kwa simu ya dakika mbili. Mwekahazina aliniambia sawa dada, Mungu akubariki, akakata. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba nilibaki nikitazama simu kwa mashaka. Kilichobaki ni kile cha watu wa kwao, na hicho hakikuwa cha simu.

Nikieleze. Mume wangu kwao ni Bungoma. Miaka ya mwanzo tulipokuja, alikufa kijana mmoja wa upande ule, mwanafunzi, hana ndugu hapa. Mwili ulikaa hospitali wiki nyingi watu wakipitisha bakuli nyumba kwa nyumba, na mama yake akipiga simu kila siku kuuliza mtoto anakuja lini. Baada ya hapo watu wakaapa kwamba haitatokea tena. Wakaunda chama cha kufa na kuzikana, ada kila mwezi, mkutano mara nne kwa mwaka katika ukumbi wa kukodi kule Rissne. Anayefariki, chama kinamrudisha nyumbani. Nimepika katika mikutano ile. Nimelia katika mikutano ile. Sikukidharau chama hata siku moja. Nilichotaka ni kupunguza.

Mkutano uliofuata ulikuwa Jumapili mchana mwezi wa pili, theluji imegeuka tope. Palikuwa na chapati, kuku na sukuma, na vile vikate vya mdalasini ambavyo lazima mtu avilete. Mwenyekiti wetu ni mama wa rika langu, muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya kumwamsha mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi. Tulipofika kwenye mengineyo nikanyoosha mkono.

"Mama Mwenyekiti, nataka kujiondoa."

"Kujiondoa wapi?"

"Kwenye chama."

Vijiko vilinyamaza. Mume wangu, aliyekaa kando yangu, aligeuka kunitazama kama dereva anavyomtazama abiria aliyebonyeza kengele katikati ya daraja.

"Kuna shida nyumbani?" mwenyekiti akauliza, kwa ile sauti ya huruma ambayo husikika chumba kizima.

"Hakuna shida. Nimestaafu. Napunguza matumizi."

"Mtu hupunguza nyama, dada yangu. Hupunguza safari. Hapunguzi kwao." Akatikisa kichwa. "Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa."

Naapa nilikuwa nimekuja kuzungumzia ada tu. Hotuba sikuwa nayo. Lakini neno hilo liliingia mahali na kugusa kitu ambacho hata mimi sikujua kiko.

"Kwao wapi?" nikasema, na nikajikuta nimesimama. "Mimi nimezaliwa Voi. Nilipokuwa msichana kwetu niliambiwa huyu ni wa kwenda. Nilipofika Bungoma nikaambiwa huyu ni wa kuja. Katika maisha yangu yote nimelala Bungoma mara nne, na mara ya mwisho niliomba nionyeshwe choo kiko wapi. Sasa mnataka nikalale huko milele? Na nani? Shemeji zangu wanaonijua kwa picha? Mtoto wangu yuko hapa. Wajukuu wangu wako hapa, vituo vitatu kutoka kwangu. Nizikeni hapa hapa."

Nikaketi. Mtu mmoja alikohoa. Mume wangu alikuwa akiitazama sahani yake kwa makini, kama mtu anayehesabu mifupa.

Kutoka Rissne hadi kwetu Norsborg ni kuvuka jiji zima: treni ya bluu hadi katikati, kisha nyekundu hadi mwisho wa reli. Hakukaa kando yangu. Alikaa kiti cha ng'ambo, mikono katikati ya magoti, akitazama dirisha ambalo lilikuwa giza la handaki. Tulipofika Skärholmen waliingia watu wengi na mifuko ya manunuzi, na katikati ya fujo ile akaongea.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Sikujua. Nimejua niliposimama."

Ilikuwa kweli tupu, na yeye aliichukua kama dharau.

Siku nne zilizofuata tuliishi kama wapangaji. Aliniomba chumvi. Nilimpa chumvi. Siku ya tano, nikikunja nguo, akaja akasimama mlangoni mwa chumba.

"Watu wa kwetu watasema nilikutupa."

"Watu wa kwenu watasema wiki moja. Halafu watapata la kusema jingine."

"Mke wa mtu kuzikwa ugenini, kama hana mwenyewe."

"Ugenini! Baba, nyumba hii tumeishi miaka ishirini na miwili. Umekaa nchi hii miaka mingi kuliko uliyokaa Bungoma."

Halafu akasema, kwa sauti ambayo si ya ugomvi, "Kwa hiyo mimi nitalala peke yangu."

Mtu mwema angemwendea akamshika bega. Mimi nilikuwa nimechoka. "Wakati nafanya zamu za usiku ulilala peke yako miaka kumi," nikamwambia, "na sikusikia ukilalamika." Akaondoka mlangoni. Nilikunja shuka ileile mara tatu na haikukunjika vizuri.

Binti yetu alipokuja mwisho wa wiki, aliona nyuso zetu akataka kujua. Baba yake alimweleza kwa Kiswahili, kirefu, akirudi nyuma hadi kwa babu yake. Alisikiliza yote. Kisha, kama anavyofanya mara moja moja sana, akamjibu kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjikavunjika.

"Baba, mimi hakuna aliniuliza. Wewe uko Bungoma, Mama yuko hapa. Mimi nitalia wapi?"

Alikula, akaosha vyombo, akaenda zake.

Jumanne mwenyekiti akanipigia. Nilikuwa nakanda unga, nikaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi. Alikuwa mpole. Alisema amesoma katiba ya chama. Uanachama ni wa nyumba, si wa mtu, kwa hiyo siwezi kujiondoa peke yangu. Tutoke wote au tubaki wote, ada ni ileile.

"Sawa," nikasema. "Tubaki. Na mimi nikifa nikazikwa hapa?"

"Fedha ni za kusafirisha mwili, dada. Mwili usiposafiri hakuna gharama za safari."

"Kwa hiyo chama kitatoa nini?"

Nilisikia akifungua kurasa. "Chama kitatoa shada la maua."

Sebuleni habari za Kenya zilizimwa.

"Shada?" mume wangu akasema. Alikuwa amefika mlangoni, miwani kwenye paji la uso. "Shada la maua?"

"Ndivyo katiba inavyosema, Mzee," mwenyekiti akajibu.

"Moja?"

Lazima mjue kwamba huyu ni mwanamume anayebeba chupa tupu za soda kituo hadi kituo ili arudishiwe senti zake. Miaka yote aliyoendesha basi aliwahi kazini kabla ya basi lenyewe. Kuzikwa kwangu ugenini kulimuumiza, hilo silikatai. Lakini kulipa miaka zaidi ya ishirini ukapewa shada moja, hilo lilimwamsha. Siku ile ile aliitoa katiba ya chama kwenye droo, akakaa nayo mezani na kalamu nyekundu, na kwa wiki tatu meza yangu ya jikoni ikawa ofisi. Nilihamishia vitunguu kwenye dirisha. Alinisomea vifungu wakati wa chakula. Alinisomea vifungu nikiwa bafuni, kutoka nje ya mlango. Bima ya gari bado ilikuwa inalipwa, namwambia, miadi ya kitambulisho ni kesho. Ananiambia subiri, niko kifungu cha tisa.

Miadi ya kitambulisho ilimpita. Tukaweka nyingine.

Mkutano wa mwezi wa tano, alivaa suti ya harusi za watu. Ilipofika zamu yake alisimama, karatasi mkononi, na hakuisoma hata neno.

"Mimi nikifa nirudisheni kwetu," alianza. "Hilo halina mjadala, na asije mtu akasema nimebadilika. Lakini mke wangu amelipa. Nimeendesha basi miaka mingi. Abiria aliyelipa nauli hadi mwisho wa njia, akiamua kushuka kituo cha karibu, humwambii nauli yako imepotea, chukua maua."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mzee mmoja wa mbele, mwanachama wa tangu mwanzo, akainuka kwa hasira.

"Hiki ni chama cha kurudisha watu nyumbani! Tukianza kuzika watu huku, watoto wetu watasahau hata njia!"

"Watoto wako wanaijua njia?" mume wangu akamuuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Mzee yule akakaa.

Palikuwa na maneno mengi baada ya hapo. Mtu alitaka kamati iundwe. Mwingine alitaka tuwaulize wazee wa Bungoma kwa simu, hapo hapo. Mwishowe mwenyekiti akagonga meza kwa kifuniko cha chupa ya chai, akasema tupige kura: fedha za mwanachama zimfuate mwanachama, azikwe anapotaka yeye.

Mkono wa kwanza uliinuka nyuma kabisa, kando ya birika la chai. Alikuwa mama mmoja mjane, mtulivu, ambaye sikumbuki kama nimewahi kusikia sauti yake katika mkutano. Ukafuata wa jirani yake. Kisha wanawake wakaanza kuinua mikono safu kwa safu, na waume zao wakageuka mmoja mmoja kuwatazama, kila mmoja na ule uso niliouona kwa wangu mwezi wa pili. Nilitazama hivyo nikapandwa na hasira. Miaka yote hii! Tumekaa pamoja, tumepika pamoja, tumefutana machozi, na kila mmoja wetu alikuwa amebeba jambo hili kimya akidhani ni lake peke yake.

Mwenyekiti alihesabu. Alipomaliza, akainua na wake.

Kwa hiyo likapita. Ada haikupungua hata kidogo. Tena iliongezwa kidogo, kwa ajili ya gharama za kuandika katiba upya. Binti yetu alipoingiza hesabu mpya kwenye ukurasa wake alinigeuzia kompyuta.

"Mama, baada ya miezi mitano umeacha chama cha kanisani tu."

"Na gari," nikamwambia, maana baba yake alikuwa hatimaye amepata kitambulisho, na programu ikafunguka, na bima ikafutwa kwa dakika moja na nusu. Walimtumia hata ujumbe wa kumuuliza kama aliridhika na huduma. Alijibu kwa aya tatu.

Mwezi wa sita nilimwambia nakwenda kuona makaburi yaliyo upande wetu, nijue angalau panafananaje. Sikumwalika. Alikuja, akivaa viatu kwa manung'uniko. Tukatembea kati ya misonobari, mawe mafupi kwenye majani, kila kitu kimya na safi. Yeye alisoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, akiyakosea.

"Hapa wanakupa kwa muda gani?" akauliza.

"Miaka ishirini na mitano. Kisha wenyewe wakitaka wanaomba tena."

Alisimama. "Kaburi la kupanga?"

"Baba, kila kitu chetu hapa ni cha kupanga."

"Kwetu mtu akizikwa amezikwa." Alitikisa kichwa, akaendelea kutembea, akasema upepo ni mwingi, akasema mteremko utaleta maji, akasema misonobari hiyo mizizi yake haina adabu. Nikamwambia sitakuwa na malalamiko. Akasema unajuaje.

Kisha akasimama mbele ya jiwe moja lililozongwa na matawi makavu na majani ya mwaka jana. Ilionekana hakuna aliyefika siku nyingi. Aliguna. Akakunja suruali kidogo kwenye magoti, akainama taratibu kwa ajili ya mgongo wake, akaanza kuokota matawi yale, akiyapanga kando kwa rundo.

"Humjui huyo," nikamwambia. "Na mvua inakuja. Twende."

"Ngoja," akasema bila kuinua kichwa. "Nimmalize huyu kwanza."